Kuanzisha Biashara ya Kuagiza na Kusafirisha Bidhaa Kupitia Dubai: Anza na Mzigo, Leseni Ifuate

Ukisimama asubuhi kando ya Khor Dubai, neno ambalo sisi wa pwani hulitamka hori, utakuta upande wa Deira majokofu, matairi, marobota ya nguo na magunia ya mchele yamepangwa gatini yakisubiri zamu ya kupakiwa kwenye majahazi. Kilomita kama 35 kusini-magharibi mwa hapo iko bandari ya Jebel Ali, iliyofunguliwa mwaka 1979, ambako kreni hufanya kazi hiyohiyo kwa makontena usiku na mchana. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo haikutengenezwa Dubai wala haitatumika Dubai. Mji huu huishi kwa bidhaa zinazopita, na mtu anayetaka kufungua kampuni hapa hana budi kulielewa jambo hilo kabla ya kutoa hata dirham moja, kwa sababu njia ambayo mzigo wake utapita ndiyo itakayoamua aina ya leseni anayohitaji, mahali pa kujisajili, kodi atakayolipa, na pengine hata benki itakayokubali kumfungulia akaunti.

Wengi niliowaona wakikwama walianzia upande wa pili. Walilipia leseni kwanza, wakivutiwa na tangazo la bei nafuu, ndipo wakaanza kuulizana wauze nini. Maelezo yafuatayo yanamlenga mfanyabiashara wa Afrika Mashariki au Kongo mwenye mtaji wa wastani, ambaye tayari anajua kuuza nyumbani na sasa anafikiria kuweka mguu mmoja Dubai.

Kwanza uwe mnunuzi wa kawaida

Kabla ya kusajili chochote, fanya safari mbili au tatu kama mnunuzi. Mtu anayenunua bidhaa Deira kwa jina la biashara yake ya Kariakoo, Nairobi au Bujumbura, kisha akazikabidhi kwa ofisi ya kago ili zisafirishwe, hahitaji kuwa na kampuni Dubai. Leseni yake ya nyumbani na namba yake ya mlipakodi vinamtosha. Kuna wafanyabiashara wakubwa ambao wameendesha shughuli zao hivyo kwa miaka mingi na hawajapungukiwa na kitu. Wanaouza huduma ya usajili hawatakwambia hivyo, kwa kuwa riziki yao imo katika kukusajili.

Kampuni ya Dubai huanza kuwa na maana pale unapoagiza kutoka China, India au Uturuki na kugawa mzigo kwa nchi zaidi ya moja, au pale unapotaka msambazaji akukopeshe, au unapotaka kuuza bidhaa za nyumbani ndani ya Falme za Kiarabu, au biashara inapokuhitaji ukae huku kihalali. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, endelea kuwa mnunuzi.

Tumia safari hizo kujifunza mitaa. Al Ras ni ya vyakula na viungo kwa jumla, Murshid Bazaar na Naif ni ya nguo na vipodozi, na Dragon Mart, jengo refu lililofunguliwa mwaka 2004 kwenye barabara ya Hatta, limejaa bidhaa za China kuanzia vigae hadi taa. Magari yaliyotumika yanayokusudiwa kupelekwa nje yako Ras Al Khor, na vipuri vilivyotumika hupatikana zaidi kwenye maeneo ya viwanda ya Sharjah. Maduka mengi ya masoko ya zamani hufunga baada ya adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, na Ijumaa mambo huanza kuchangamka baada ya swala, kwa hiyo mgeni anayepanga siku tatu za manunuzi mara nyingi hujikuta ametumia moja na nusu.

Katika kuchagua bidhaa, angalia vitu vidogo ambavyo huamua kama mzigo utauzika. Soketi za Dubai ni zile za pini tatu za mraba zinazotumika Kenya na Tanzania, na umeme wake unalingana na wa kwetu. Ndiyo maana feni au pasi iliyotengenezwa kwa soko la Dubai huwekwa dukani Mwanza bila kubadilishwa waya, ilhali iliyonunuliwa Guangzhou kwa soko la ndani la China huja na plagi isiyoingia popote. Kwa magari hali hugeuka. Dubai huendesha kulia mwa barabara, hivyo magari ya barabara zake yana usukani wa kushoto na hayamfai mnunuzi wa Kenya au Tanzania. Huyo atatafuta yale ya usukani wa kulia yaliyoletwa kutoka Japani. Mnunuzi wa Lubumbashi, Bujumbura au Kigali, ambako nako huendeshwa kulia, ndiye anayefaidi gari lililokuwa likitumika hapahapa.

Jambo moja niseme mapema: kaa mbali na dhahabu unayoletewa kwa simu. Kila msafiri wa Deira atakutana na mtu mpole mwenye jamaa yake Kongo aliyekwama na kilo kadhaa forodhani, anayehitaji fedha kidogo tu za kuigomboa.

Hesabu huanzia kwenye katoni

Faida nyingi hupotea kabla mzigo haujatoka Deira, kwa sababu mnunuzi alipiga hesabu ya bei ya dukani akasahau ujazo. Karani wa kago hatazami thamani ya ulichonunua. Huchukua futi kamba, akapima urefu, upana na kimo cha katoni, akaandika vipimo ubavuni kwa kalamu ya wino mzito pamoja na alama ya mzigo wako, kisha akaipandisha kwenye mizani. Kwa mzigo wa ndege, vipimo vya sentimita huzidishwa na kugawanywa kwa 6,000 ili kupata uzito wa ujazo, na utatozwa kwa uzito ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani.

Chukua katoni ya ndala za plastiki yenye sentimita 60 kwa 50 kwa 50. Jumla ni sentimita za ujazo 150,000, na ukigawanya kwa 6,000 unapata kilo 25, ingawa mizani inaonyesha kilo 14. Utalipia 25. Katoni hiyohiyo ikienda kwa meli huhesabiwa kuwa mita za ujazo 0.15. Kontena refu la futi 40 lina nafasi ya mita za ujazo kama 76, lakini kwa sababu katoni hazipangiki bila mianya ni busara kukadiria 68, yaani katoni zipatazo 450. Kama mtaji wako haufikii katoni hizo, utashea kontena na wengine na kulipia kwa mita ya ujazo, ambapo bei ya mita huwa juu zaidi na mzigo wako husubiri kontena lijae.

Baada ya hapo piga hesabu ya gharama ya mzigo ukiwa umeshafika dukani kwako. Tuseme bidhaa zimenunuliwa kwa dola 10,000, meli ni dola 1,500 na bima ni dola 150. Forodha ya Afrika Mashariki hutoza ushuru kwa jumla ya vitu hivyo vitatu, yaani 11,650. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa bidhaa zinazoshindana na viwanda vya ndani. Kwa asilimia 25 utalipa dola 2,912.50, na kodi ya ongezeko la thamani ya Tanzania ya asilimia 18 itatozwa juu ya jumla mpya ya 14,562.50, nayo ni dola 2,621.25. Mzigo wa dola 10,000 umeshakuwa dola 17,183.75 kabla ya tozo nyinginezo za forodha, gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha na lori. Aliyesajiliwa kwa kodi hiyo ataidai baadaye, lakini fedha yenyewe lazima aitoe mfukoni siku ya kugomboa.

Kuna makosa mawili hapa yanayojirudia. La kwanza ni kununua bima Dubai, wakati Kenya tangu Januari 2017 imesimamia sharti la bima ya mizigo iagizwayo kukatwa kwa kampuni za ndani, na Tanzania nayo ina sharti kama hilo. Muuzaji akikupa bei yenye bima ndani yake, mwombe aitoe. La pili ni kupakia bila cheti cha ubora. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya hutaka bidhaa nyingi zikaguliwe katika nchi zinakotoka, kabla ya kusafirishwa, na kampuni zilizoidhinishwa kwa kazi hiyo. Mzigo ukifika bila cheti hicho utatozwa faini au kuzuiwa, na kila siku ya kuzuiwa ina storeji yake, yaani malipo ya kuhifadhiwa bandarini.

Bara au eneo huru

Ukishajua mzigo na njia yake, suala la usajili hurahisika. Kuna milango miwili. Kampuni ya bara, neno ambalo Mzanzibari hulisikia kwa maana yake mwenyewe, husajiliwa na Idara ya Uchumi na Utalii ya Dubai na inaruhusiwa kuuza popote ndani ya nchi. Zamani mgeni alilazimika kumpa Mwimarati asilimia 51 ya hisa, lakini tangu Juni 2021 sharti hilo limeondolewa kwa shughuli nyingi za biashara, zikiwemo za kuagiza na kusafirisha bidhaa. Kampuni ya eneo huru husajiliwa na mamlaka ya eneo husika, humilikiwa na mgeni kwa asilimia 100 tangu mwanzo, na bidhaa zake zinaweza kuingia, kuhifadhiwa na kutoka bila kulipiwa ushuru wa Dubai, mradi zisivuke kuingia soko la ndani.

Kwa hiyo mtu anayeleta vigae kutoka China ili avipeleke Dar es Salaam na Kigali, bila kuuza hata kimoja Dubai, mahali pake ni eneo huru. Jebel Ali, lililoanzishwa mwaka 1985, limeungana na bandari na linamfaa mwenye kuhitaji ghala la kweli na mtaji wa kutosha. Lile la uwanja wa ndege, la mwaka 1996, linawafaa wa simu na vipuri vidogo vya thamani. Sharjah ina maeneo ya Hamriyah na lile la uwanja wake wa ndege, yote ya mwaka 1995, ambayo aghalabu huwa na gharama nafuu zaidi. Kinyume chake, anayetaka kuuza parachichi za Njombe kwa maduka ya Dubai anafaa awe na kampuni ya bara, kwa sababu kila mteja wake yuko ndani ya nchi.

Yapo maeneo huru ambayo kwa kweli huuza karatasi na meza ya kushirikiana, bila ghala wala bandari. Hayana ubaya kwa mshauri au mtengeneza programu. Kwa mfanyabiashara wa mizigo, leseni ya namna hiyo humletea maswali benki na forodhani, na bei iliyoonekana ndogo hurudi kwa njia nyingine. Uliza mambo manne kabla ya kulipa: leseni inaruhusu bidhaa zipi kwa majina, inakupa viza ngapi, mwaka wa pili utalipa kiasi gani, na mizigo yako itahifadhiwa wapi. Leseni ya bidhaa mchanganyiko hugharimu zaidi ya ile ya bidhaa mahususi, na anayeanza na vyombo vya jikoni peke yake hana haja nayo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unachagua shughuli, unapendekeza jina la kampuni, ambalo halipaswi kugusa dini, na ukitumia jina lako uliandike kamili. Unapata idhini ya awali, unasaini katiba ya kampuni, unakodi ofisi ambayo kwa upande wa bara mkataba wake lazima usajiliwe katika mfumo wa Ejari, kisha unalipia na kupewa leseni. Baada ya hapo hufuata kadi ya kampuni inayotolewa na uhamiaji, viza ya mwekezaji, vipimo vya afya, na kitambulisho cha ukaazi ambacho kwa kawaida hudumu miaka miwili. Hatua ambayo wengi huisahau ni kusajili kampuni forodhani ili ipewe namba yake ya mwagizaji, kwa kuwa leseni bila namba hiyo haiwezi kuingiza wala kutoa kontena kwa jina la kampuni. Nimewahi kumwona mtu mwenye leseni mpya, ofisi mpya na kadi za biashara zenye nembo ya dhahabu, akiomba namba ya forodha ya jirani ili mzigo wake utoke bandarini. Usikubali kufanya hivyo, kwani aliye kwenye hati ndiye mwenye mzigo mbele ya sheria.

Benki, mahali pagumu kuliko pote

Leseni inaweza kutoka ndani ya siku chache; akaunti ya benki inaweza kuchukua wiki nyingi, na maombi kukataliwa bila sababu ni jambo la kawaida. Lipo chimbuko. Umoja wa Falme za Kiarabu uliwekwa Machi 2022 kwenye orodha ya kijivu ya FATF, kikosi kazi cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, ukaondolewa Februari 2024, na katika kipindi hicho benki zake zilijifunza ukali ambao hazijauacha. Kenya nayo iliingizwa kwenye orodha hiyohiyo mwezi huohuo wa Februari 2024. Afisa anayesoma maombi yako anayajua yote hayo, na kumnung'unikia hakusaidii kitu.

Kinachosaidia ni faili. Andaa taarifa za benki za nyumbani za miezi sita au zaidi, leseni na vyeti vya kodi vya biashara yako ya nyumbani, ankara za manunuzi yaliyopita na hati zake za usafirishaji, majina ya wateja na wasambazaji unaotarajia kufanya nao kazi, na maelezo ya ukurasa mmoja yanayoonyesha mzigo unatoka wapi, unapita wapi, unakwenda kwa nani na fedha zitarudi kwa njia gani. Hapo ndipo zile safari za awali hulipa, kwa sababu mtu mwenye ankara za mwaka mzima za Deira anazungumza na benki kwa lugha ambayo mwenye leseni tupu hana. Uliza pia kiwango cha chini cha salio, ambacho katika benki nyingi ni makumi ya maelfu ya dirham, na adhabu ya kushuka chini yake.

Akaunti ikishafunguliwa, ilinde. Ankara ikiwa kwa jina la kampuni moja na fedha zikatumwa na mtu mwingine, hata kama ni shemeji yako, benki inaweza kuzuia malipo na baadaye kufunga akaunti. Wauzaji wa Dubai wamezoea hundi za tarehe za mbele, na wakikuamini watakupa mzigo leo kwa hundi ya siku 60. Tangu Januari 2022 hundi kurudi kwa kukosa fedha si tena kosa la jinai kwa yenyewe, lakini mwenye hundi anaweza kwenda moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji bila kesi ndefu, na udanganyifu bado ni jinai. Usiandike hundi kwa kutegemea fedha zitakazotoka Kariakoo wiki ijayo. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997 kwa 3.6725, kwa hiyo hatari yote ya kubadilika kwa fedha iko upande wa shilingi yako.

Ushuru na kodi za Dubai kwenyewe

Bidhaa nyingi zinazoingia soko la ndani hulipiwa ushuru wa asilimia 5 wa nchi za Ghuba, ukihesabiwa juu ya bei, meli na bima. Ukiziingiza bara kisha ukazisafirisha tena nje, ushuru unaweza kurejeshwa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba bidhaa zitoke ndani ya mwaka mmoja na zitambulike kuwa ni zilezile.

Kodi ya ongezeko la thamani ilianza Januari 2018, nayo pia ni asilimia 5. Kampuni ambayo mauzo yake yanavuka dirham 375,000 kwa mwaka lazima ijisajili. Bidhaa zinazouzwa nje hutozwa asilimia sifuri, lakini sifuri hiyo lazima uithibitishe kwa hati za forodha na za usafirishaji, na mzigo uwe umeondoka ndani ya siku 90. Usipokuwa na hati, mauzo yale huhesabiwa kama ya ndani. Kodi ya mapato ya kampuni, kwa miaka ya fedha iliyoanza Juni 2023 na baadaye, ni asilimia 9 kwa faida inayozidi dirham 375,000. Kampuni ya eneo huru inaweza kubaki kwenye sifuri kwa mapato yanayokidhi masharti, lakini usidanganyike na matangazo yanayosema Dubai haina kodi. Kampuni hujisajili hata ikiwa haina cha kulipa, na adhabu ya kuchelewa kujisajili kwa kodi hii ni dirham 10,000.

Hati za mzigo

Mzigo wangu wa kwanza wa vyombo vya jikoni ulikaa bandarini siku 11 kwa sababu ya maneno mawili. Duka nililonunulia liliandika kwenye orodha ya upakiaji "bidhaa mchanganyiko", nami nikaona ni sawa kwa kuwa ni kweli zilikuwa zimechanganyika. Forodha ikafungua katoni zote 212, ikahesabu sufuria moja moja, ikapanga upya thamani, na storeji ya siku hizo ikala faida ya mzigo mzima. Tangu hapo siondoki dukani kabla sijaisoma orodha mstari kwa mstari: katoni namba fulani hadi fulani, sufuria za alumini, vipimo, idadi, uzito.

Hati kuu ni ankara, orodha ya upakiaji, hati ya shehena ambayo mawakala wote huiita BL, na cheti cha asili. Cheti hicho kwa upande wa Dubai hutolewa na chemba ya biashara, na ni lazima kiseme bidhaa ilikotengenezwa. Feni ya China haigeuki kuwa ya Dubai kwa kupita Deira. Kuhusu BL, hakikisha jina la mpokeaji linafanana herufi kwa herufi na lile lililosajiliwa kwenye namba yake ya mlipakodi. Kwa kawaida hutolewa nakala tatu halisi, na anayeishika moja anaweza kudai mzigo, kwa hiyo muuzaji makini hazitoi kabla ya kulipwa, nawe mnunuzi makini humalizii malipo kabla ya kuona nakala yake. Bidhaa zitambulishwe pia kwa namba ya uainishaji wa forodha, ambayo tarakimu zake sita za mwanzo ni zilezile ulimwenguni kote. Mwombe wakala wako wa nyumbani akupe namba hiyo kabla hujanunua, kwa sababu tofauti kati ya kifungu kimoja na jirani yake inaweza kuwa tofauti kati ya asilimia 10 na 25.

Safari ya kurudi: kupeleka bidhaa zetu Dubai

Watu wengi hufikiri juu ya kuleta tu, ilhali Falme za Kiarabu huagiza sehemu kubwa ya chakula chake. Parachichi, maembe, nyama ya mbuzi na kondoo, ufuta na viungo vina wanunuzi, nao mlango mkuu wa matunda ni soko la Al Aweer huko Ras Al Khor. Kabla ya hapo utahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho nchini Kenya hutolewa na KEPHIS na nchini Tanzania na TPHPA, taasisi za serikali za afya ya mimea. Nyama lazima itoke kwenye machinjio yaliyoidhinishwa na mamlaka za Imarati na iwe na cheti cha halali kinachotambuliwa. Chakula kilichofungashwa lazima kiwe na lebo ya Kiarabu, na si kibandiko kilichobandikwa juu ya tarehe.

Hatari kubwa ya Al Aweer ni mali kauli. Mnunuzi hupokea kontena lako bila kulipa, huuza kwa siku kadhaa, kisha hukutumia hesabu baada ya kutoa kamisheni yake, na hesabu hiyo mara nyingi husema kwamba theluthi ya matunda ilifika imelainika. Huwezi kumbishia ukiwa Njombe. Wenye uzoefu huweka kifaa cha kurekodi joto ndani ya kontena la baridi, humtuma mtu wao awepo mlango unapofunguliwa na kupiga picha, na hudai angalau gharama ya kusafirisha ilipwe kabla ya meli kuondoka. Parachichi lililochumwa kabla ya kukomaa halitaiva vizuri hata ukilitunza vipi, na mnunuzi aliyeumwa na kontena moja huwaambia wenzake wa safu nzima.

Kwa karafuu, kumbuka kwamba Zanzibar mnunuzi wa mkulima ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, peke yake. Mtu anayekuuzia magunia ya karafuu za Pemba nje ya mlango huo anakuuzia magendo.

Mwaka wa pili

Leseni, ofisi na kadi ya uhamiaji huhuishwa kila mwaka, na gharama yake huja iwe umeuza au hukuuza, kwa hiyo iweke kando tangu mzigo wa kwanza. Tunza hesabu na hati zote; sheria ya kodi ya mapato hutaka zihifadhiwe miaka saba. Ikiwa biashara haikushika, usiiache kampuni ife yenyewe kwa kutohuisha leseni, kwa maana faini huendelea kulundikana kwa jina lako na unaweza kukutana nazo siku utakaporudi. Ifunge rasmi: futa viza, jiondoe kwenye usajili wa kodi, funga akaunti, rudisha namba ya forodha, kisha omba cheti cha kufuta leseni na ukihifadhi pamoja na pasipoti yako.